"Weye ni Mutoto wa Nani?" Nasaba za wafanyabiashara wa ziwa letu katika karne ya 19



Huku kwetu, ukifika mahali ambapo watu hawakujui, jina lako peke yake halitoshi. Watakuuliza: "Weye ni mutoto wa nani?" Kama baba yako hajulikani, wanapanda ngazi moja: koko yako ni nani, alitoka wapi, kaburi lake liko wapi? Mara nyingi ni swali la heshima. Mtu anatafuta mahali pa kukuweka ili ajue akuite ndugu, shemeji ao mjukuu. Lakini sisi wote tunajua kwamba swali hilo hilo linaweza kugeuka. Siku nyingine maana yake ni: una haki gani juu ya shamba hili? Una ruhusa gani ya kusema katika kikao hiki? Wewe ni mwenyeji ao mgeni?

Leo tulichukue swali hilo tulirudishe nyuma, karne ya 19, kwa watu waliojua kulijibu vizuri kuliko wote: wafanyabiashara. Mtu aliyeuza pembe za ndovu kati ya Unguja, Tabora, Ujiji na Uvira alikuwa na jibu tayari mdomoni. Tutaona kwamba jibu hilo halikuwa orodha ya damu tu. Lilikuwa dhamana ya mkopo na kibali cha kupita. Mara moja lilikuwa mtego uliompa mtu nchi nzima. Ndiyo maana nasema hivi tangu mwanzo: nasaba ikisomwa bila kuuliza "ilimfaidi nani?", msomaji atadanganyika.

1. MWINGEREZA NA KARATASI ZAKE

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaamini Wazungu njo wenye nasaba za kweli na sisi tuna hadithi tu.

Chukua mfanyabiashara wa Liverpool ao London wa miaka ya 1850. Ukitaka kujua ukoo wake, kazi si ngumu sana. Tangu tarehe 1 Julai 1837 serikali ilianza kuandikisha watoto wanaozaliwa, ndoa na vifo katika England na Wales. Kabla ya hapo, makanisa yalikuwa yakiandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538. Sensa ya 1841 iliandika majina ya watu nyumba kwa nyumba, na ile ya 1851 ikaongeza mahali mtu alipozaliwa na undugu wake na mkubwa wa nyumba. Tangu 1858 wosia za England na Wales zinaandikishwa katika ofisi moja kuu ya serikali. Donc mtafiti anaanza na kifo, anarudi kwenye wosia, kutoka wosia anaingia kwenye sensa, halafu anamalizia kwenye kitabu cha ubatizo.

Lakini uliza: juu ya nini waliandika mambo mingi hivi? Hapana kwa sababu Waingereza wanawapenda babu zao kuliko sisi. Waliandika kwa sababu ya mali. Wosia unaonyesha nani amerithi duka na nani amerithi madeni. Ndoa ya mfanyabiashara inaonyesha mtaji umetoka upande gani. Karatasi ililinda kitu. Familia isiyokuwa na kitu cha kulinda iliacha karatasi chache, hata huko London.

Sasa tumfuate mfanyabiashara mmoja wa upande huo aliyekuja mpaka Congo. Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1852, wakati Ireland ilikuwa chini ya Uingereza. Baadaye aliishi Liverpool. Mwaka 1878 alifika Unguja akitumwa na misioni ya Kianglikana ya CMS. Mwaka 1883 alioa Mwingereza, Ellen Sherratt. Mwaka uliofuata mama huyo alikufa baada ya kuzaa mtoto msichana. Halafu Stokes akaoa Limi, mwanamke wa Kinyamwezi wa ukoo wa kitemi wa Usongo. Akaachana na misioni, akawa mfanyabiashara kamili: misafara mikubwa, pembe, bunduki. Undugu wa Limi ulimfungulia njia ambayo barua za misioni zisingeweza kuifungua, kwa kuwa wapagazi wa Unyamwezi walimfuata kama mtu wa nyumbani.

Tarehe 15 Januari 1895 Stokes alinyongwa ndani ya Congo ya Leopold II, kwa amri ya ofisa Mbelgiji Hubert Lothaire, aliyemshitaki kuwauzia silaha maadui wa Leta. Kesi yake iliendeshwa haraka haraka, bila nafasi ya rufaa. London na Berlin wakapiga kelele. Lothaire akahukumiwa Boma, halafu Brussels, mwaka 1896, na mara zote mbili akaachiliwa.

Angalia familia ya mtu huyu mmoja. Tawi la Dublin na Liverpool liko kwenye madaftari. Tawi la Afrika, upande wa Limi na ndugu zake, lilibebwa kwanza midomoni mwa watu. Mwanaume ni yule yule. Kilichobadilika ni ofisi tu: upande mmoja kulikuwa na karani, upande mwingine hakukuwa naye. Basi tusiseme tena kwamba Mzungu ana nasaba na Mwafrika hana. Tuseme kuna nasaba iliyoandikwa na nasaba iliyosemwa, na zote mbili zina sababu zake.

2. UVIRA ILIKUWA SOKO

Bon, turudi nyumbani.

Tarehe 26 Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitafuta mto wa kaskazini, wakitumaini kwamba unatoka ziwani na kwenda kuwa Nile. Watoto watatu wa mwami Maruta walikuja kuwaona, wakawaambia ukweli ambao kila mvuvi wa hapa anaujua: Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kuhakikisha kwa macho yao.

Kwa mada yetu, jambo kubwa katika maandishi ya Burton ni soko. Anaieleza Uvira kama ghala kubwa la kaskazini ya ziwa: watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome ya miti na vitu vya chuma. Hiyo ni 1858, Leta ya Leopold ikiwa bado miaka 27 kuzaliwa. Wafanyabiashara wa Ujiji walipanda huku kwa sababu vitu vilikuwa bei nzuri. Kwa hiyo ukikuta leo ukoo wa Uvira unaosema koko yetu alikuja na biashara kutoka Ujiji, Tabora ao pwani, usicheke. Njia ilikuwepo.

Sasa mfanyabiashara wa pwani alibeba wapi nasaba yake? Ndani ya jina. Jina la Kiislamu la pwani ni kama ngazi: jina lako, halafu "bin" na jina la baba, "bin" na jina la babu, mpaka mwisho unafika kwenye jina la kabila ao ukoo. Mtu akitaja jina lake lote, amekwisha kukupa cheti chake cha kuzaliwa. Na aliyesikia, kama ni mtu wa Unguja ao Maskati, alijua ni nani atamdai kama deni halikulipwa.

Hapo njo penye siri. Biashara ya bara iliendeshwa kwa mkopo. Mtu alichukua nguo, shanga, waya na bunduki kwa Wahindi wa Unguja, mali kauli, akaingia bara miaka miwili, mitatu, mara nyingine zaidi, halafu akalipa kwa pembe. Tajiri wa Kihindi kama Taria Topan alimpaje mtu mali ya maelfu ya reale na kumwacha apotee porini? Aliangalia ukoo wake. Baba yake ni nani, ana shamba la karafuu wapi, kaka zake wako Tabora ao hapana? Nasaba ilifanya kazi ambayo leo benki inamfanyisha mdhamini.

3. UKOO WA MURJEBI

Mfano tunaoujua vizuri kuliko wote ni wa Tippu Tip, kwa sababu yeye mwenyewe alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha 1902 na 1903. Ni moja ya vitabu vya kwanza vya mtu kujieleza maisha yake kwa lugha yetu. Mwanafunzi wa historia anayeandika memwari juu ya mashariki ya Congo bila kukisoma amejinyima chakula.

Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammad bin Juma bin Rajab el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu 1837. Baba yake, Muhammad bin Juma, alifanya biashara Tabora. Huko baba alioa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimweka mfanyabiashara ndani ya nyumba ya mwenye nchi. Mkwe wa mtemi hauziwi pembe kama mpita njia.

Mama yake Hamed alikuwa binti wa Habib bin Bushir el-Wardi, Mwarabu wa Maskati. Kwa upande wa mama huyo alikuwa na ndugu, Muhammad bin Masud el-Wardi, aliyeitwa Kumbakumba, mwenzake wa biashara. Kwa upande wa baba kulikuwa na Muhammad bin Said el-Murjebi, aliyeitwa Bwana Nzige, na Rashid mtoto wa Bwana Nzige, aliyebaki Stanley Falls, Kisangani ya leo, wakati Tippu Tip aliporudi pwani. Tippu Tip mwenyewe alioa binti wa Salum bin Abdallah el-Barwani, familia yenye mali Unguja na Maskati. Mtoto wake Sefu alishika Kasongo ya Maniema, akafa katika vita na Leta mwaka 1893.

Chora majina haya kwenye karatasi. Utaona mti wa ukoo. Sasa futa majina, uandike miji: Unguja, Tabora, Kasongo, Stanley Falls. Utaona ramani ya biashara. Mti na ramani ni kitu kimoja! Kila tawi liliwekwa mahali ambapo pembe zilipita. Familia hii ilikuwa kampuni, na undugu ulikuwa mkataba wake.

Kuna jambo lingine kwenye mti huu. Mke wa Rajab, babu wa baba yake, alikuwa mtoto wa Juma bin Muhammad el-Nebhani, mtu wa familia ya Maskati, na mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam. Wasafiri wa Ulaya waliomwona Tippu Tip waliandika kwamba sura yake ni ya Mwafrika. Lakini katika jina lake refu, na "bin" zake zote, mama wa Mbwamaji hayumo. Ngazi ya "bin" ina nafasi ya wanaume tu. Mshike mama huyo akilini, tutamrudia.

4. NYANYA ALIYETUNGWA UTETERA

Hapa njo hadithi inayonifanya niandike makala hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Tippu Tip alikuwa akielekea Utetera, magharibi ya Maniema, nchi ya mtawala mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Njiani alisikia habari ya kale ya nchi hiyo: zamani dada zake mzee huyu walitekwa vitani na mtawala wa Urua, wakapelekwa mbali, hawakurudi tena. Mzee alikuwa bado anawalilia.

Tippu Tip alifikiri kama mfanyabiashara. Akatengeneza habari. Akasema: babu yangu mzaa mama, Habib bin Bushir el-Wardi, zamani alifika Urua, akanunua mwanamke, akamfanya suria, na mwanamke huyo akamzaa mama yangu. Mama yangu aliniambia kwamba huko kwao yeye ni mtoto wa wakubwa, na ndugu yake anaitwa Kasongo Rushie. Kwa hiyo mimi ni mjukuu wenu, nimerudi nyumbani.

Wakampokea. Mzee aliyengoja ndugu zake miaka mingi alimwona mtoto wa dada amerudi, tena na bunduki na watu. Akamkabidhi utawala wa nchi. Kuanzia siku hiyo pembe za Utetera zilimfikia Tippu Tip kama kodi, hapana kama bidhaa ya kununua. Na habari yote hii tunaijua kutoka kinywa chake mwenyewe. Alipokuwa mzee, Unguja, aliisimulia bila aibu, kama mtu anayesimulia bei nzuri aliyoipata sokoni.

Tuangalie uongo huu ulijengwaje, kwa maana ulijengwa na fundi.

Kwanza, ulisimama juu ya jina la kweli. Habib bin Bushir alikuwa babu yake kweli. Kilichotungwa ni mke mmoja tu, nyanya mmoja.

Pili, aliutia mahali pasipo na ushahidi. Angesema "baba yangu ni mtu wa Utetera," kila mtu wa pwani angemcheka, maana baba zake wamepangwa kwenye jina. Lakini suria? Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto huru, anachukua nasaba ya baba na anarithi kama wenzake. Jina la mama linaweza kupotea kabisa bila mtu kushangaa. Wanawake wengi wa bara walipotea hivyo hivyo kweli. Uongo wake uliingia kwenye shimo ambalo biashara ya watumwa yenyewe ililichimba.

Tatu, alikuwa na nyanya Mwafrika wa kweli, yule wa damu ya Mbwamaji. Hakumtaja, kwa kuwa Utetera asingemletea hata pembe moja. Akamwacha nyanya wa kweli, akachukua wa kutunga. Kumbe hata katika nasaba mtu anaweza kuchagua jamaa kwa faida!

Na nne, waliomkubali hawakuwa wajinga. Watu wa Utetera nao walikuwa na hesabu yao. Mgeni mwenye bunduki akiwa mjukuu, ana wajibu wa mjukuu: awalinde, asiwauze. Akibaki mgeni, hana wajibu wowote. Kumwita mtoto ilikuwa njia ya kumfunga kamba. Nasaba ya uongo ilishika kwa sababu pande mbili zilikuwa na haja nayo.

5. RUMALIZA: UNDUGU WA MALI

Upande wetu wa kaskazini ya ziwa, jina kubwa si Tippu Tip. Ni Muhammad bin Khalfan el-Barwani, mtu mwenye asili ya Lindi, ambaye watu walimwita Rumaliza, yaani mwenye kumaliza. Jina linajieleza.

Katika miaka ya 1880 alishika Ujiji, na watu wake wakapanda mpaka Uvira na bonde la Rusizi. Walijaribu kuingia Burundi, lakini mwami Mwezi Gisabo akawazuia. Mapadre Weupe, waliofika Ujiji 1879 na kufungua Masanze 1880 na Kibanga 1883, walimjua vizuri, kwani waliishi katika mkono wake. Mwaka 1894, baada ya vita na jeshi la Dhanis, Rumaliza alishindwa, akakimbilia upande wa Wadachi.

Rumaliza hakuwa Murjebi. Aliungana na Tippu Tip kwa shirika la biashara. Maadamu pembe zilipita, waliishi kama ndugu. Pembe zilipokwisha na Leta ikachukua njia, undugu ulifika kortini: Rumaliza alimshitaki Tippu Tip kwa Wadachi akidai sehemu yake katika shirika, na Tippu Tip akapoteza mali aliyokuwa nayo bara. Wazee wawili waliotawala maelfu ya watu walimaliza wakigombana mbele ya hakimu Mjerumani. Tippu Tip akafa Unguja mwaka 1905.

Hapa tunapata somo la pili kwa mtafiti wa nasaba. Katika maandishi ya wakati ule, "ndugu yangu" inaweza kuwa mtoto wa mama, mtoto wa baba mkubwa, mwenzi wa biashara, ao mtu aliyechanjwa damu naye. Ukiandika wote kwenye mti kama ndugu wa tumbo moja, umetengeneza mti usiokuwepo.

6. WALE WASIO NA "BIN"

Mpaka sasa nimetaja wakubwa. Lakini msafara wa mfanyabiashara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu: wapagazi, askari, wapishi, masuria, watoto waliotekwa. Wengi wao njo waliobaki huku. Wakubwa walikimbia ao walikufa, watu wao wakajenga. Baadaye walijulikana kama wangwana, na Leta ya Wabelgiji ikawaandika "arabisés", hata kama mtu hakuwa na tone la damu ya Kiarabu. Kiswahili ninachoandika hapa, na unachosoma, kiliingia huku kwa midomo yao zaidi ya midomo ya akina Rumaliza.

Nasaba yao ikoje? Mtumwa aliondolewa kwa baba zake. Alipewa jina jipya, mara nyingine jina la siku, la kazi, ao la bwana wake. Mtoto mdogo aliyekombolewa na mapadre wa Masanze ao Kibanga alipata jina la ubatizo, na maisha yake ya karatasi yakaanzia hapo, kama mtu aliyezaliwa siku ile. Mama wa Mbwamaji angalau kijiji chake kinajulikana. Wanawake waliouzwa katika soko la Uvira hawana hata kijiji.

Kwa hiyo mtu akijivuna leo kwamba ukoo wake ni safi tangu karne ya 19, hakuna mgeni, hakuna mtumwa, muulize kwa upole: na mama wa babu yako aliitwa nani? Na mama yake huyo? Mara nyingi, ngazi ya tatu, kimya. Si kosa lake. Karne nzima iliyojaa misafara, vita, njaa na kukimbia haiwezi kumwachia mtu yeyote damu ya mlango mmoja.

7. SASA SISI TUFANYE NINI?

Wabelgiji walipopanga nchi kwa machefu na makabila, waliweka kila mtu ndani ya sanduku moja: baba wa kabila fulani, chefu fulani. Sanduku hilo halikuwa na nafasi ya mkwe, suria, mpagazi aliyebaki, wala mtoto wa dada aliyerudi. Bado tunagombana ndani ya masanduku hayo, na watu wamekufa kwa sababu ya jibu la "mutoto wa nani". Sisi tuliosoma tuna kazi moja ndogo ambayo hakuna mradi wala bajeti inayoizuia: tuandike vizuri nasaba za nyumbani kwetu. Hapana kwa kushindana nani alifika kwanza. Kwa kuona ni njia ngapi zimekutana ndani ya nyumba moja.

Namna ya kufanya:

Anza na wanawake. Baba watakupa ngazi ya majina sita bila kupumua. Mama na koko watakuambia nani alioa wapi, nani alikuja na mtoto mgongoni, nani hakuzaliwa humu ila alilelewa humu. Huko njo kuko historia.

Usiulize mwaka, uliza tukio. Mzee hajui 1878, lakini huenda alisikia kwamba maji ya ziwa yalipanda sana halafu yakashuka: hiyo ni wakati Lukuga ilipofunguka, karibu 1878. Ng'ombe kufa wote kwa sotoka ni mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kukimbia kwa Rumaliza ni 1894. Maji kupanda tena ni mwanzoni mwa miaka ya 1960, uasi ni 1964, vita ni 1996.

Tenganisha aina za undugu. Andika "wa tumbo", "wa kuoana", "wa kulelewa", "wa kuchanjana", "wa biashara". Wote ni ndugu, lakini si kwa njia moja.

Andika habari mbili zikigombana, usichague haraka. Shangazi akisema koko alitoka Ujiji na baba mdogo akisema alitoka Fizi, andika zote mbili na jina la aliyesema. Halafu jiulize swali la Utetera: habari hii inamfaidi nani? Inaleta shamba? Inaleta cheo? Inaficha utumwa?

Na weka nakala zaidi ya moja. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia ndani ya nyumba zetu, na tangu hapo ziwa limekwisha kupanda mpaka mitaani. Maji yakiingia, karatasi njo za kwanza kufa. Piga picha, mtumie ndugu wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Nairobi.

Kasongo Rushie alingoja mtoto wa dada yake miaka mingi, na aliyefika alikuwa mwenye kujua kusimulia. Kama sisi hatuandiki za kwetu, kila kizazi kitapata mtu kama huyo, mwenye bunduki ao mwenye pesa, atakayekuja kutuambia koko yetu alikuwa nani. Wiki hii, kabla ya jambo lingine, muulize mama yako jina la mama wa koko yake, uliandike, uweke na jina la mahali. Tunaanzia hapo.